Maji ya Moto Yenye Rangi katika Nyumba Uliyohamia: Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Hita Nyingine

Tulihamia Kira, nje kidogo ya Kampala, mwishoni mwa Februari, katika nyumba iliyokuwa imekaa bila mtu kwa miezi saba, na jioni ya kwanza koki ya maji ya moto ya bafuni ilitoa maji kama chai ya rangi iliyokolea. Fundi bomba aliyeitwa asubuhi yake aliigonga hita kwa kidole mara mbili, akasikiliza, kisha akasema, "Mzee, hita hii imeoza ndani, tafuta nyingine." Haikuwa imeoza. Siku nne baadaye kosa lilipatikana katika kipande cha bomba la chuma kisichozidi urefu wa kiganja, kilichofungwa kwenye tundu la kutolea maji ya moto, na kipande cha kukibadilisha kiligharimu shilingi elfu chache. Hita ile ile ingali ukutani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliye katika hali niliyokuwamo: amehamia karibuni, hajui mabomba yamepita wapi ndani ya kuta, hajui hita ina umri gani, na kila anayekuja kuitazama anamwambia lake. Rangi ya maji humsaidia mtu kukisia kilichomo, lakini haimwambii kimetoka wapi. Pesa hupotea pale anapobadilisha kifaa kabla ya kujua rangi inaanzia mahali gani kati ya bomba la barabarani na koki ya bafuni.

Tahadhari za siku ya kwanza

Mpaka chanzo kijulikane, maji ya koki ya moto yasinywewe wala yasipikiwe, hata yakionekana safi kwa muda. Hili ni jambo la kufuatwa hata katika nyumba isiyo na tatizo lolote, kwa kuwa maji ya moto huyeyusha madini ya mabomba na viungio, pamoja na risasi inayoweza kuwamo katika viungio vya shaba, kwa wepesi kuliko maji baridi. Maji ya chai na ya uji wa mtoto yachotwe kwenye koki ya baridi, kisha yachemshwe jikoni.

Nguo nyeupe zisifuliwe kwa maji hayo, na likishatokea doa la kutu, usilimwagie dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ile ambayo wengi wetu huiita Jiki hata ikiwa ya kampuni nyingine. Klorini hukigandisha chuma ndani ya nyuzi, na doa lililokuwa la njano hafifu huwa la kahawia la kudumu. Nimeipoteza kanzu moja ya Idi kwa kosa hilo. Limau na chumvi, nguo ikaachwa juani saa moja au mbili na kusuuzwa vizuri, hufanya kazi kuliko dawa yoyote ya dukani niliyojaribu.

Kuhusu umeme, hita ya kawaida ya bafuni hutumia voti 240, na koili yake ya kupasha joto imezama majini. Kazi yoyote ya kufungua kifuniko chake ianze kwa kuzima swichi ya hita, kisha kushusha kikata umeme chake kwenye ubao wa umeme, halafu kuthibitisha kwa testa kwamba nyaya hazina umeme. Ikiwa huna testa au huna uzoefu, mwachie fundi wa umeme. Kuisha kwa yuniti za Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, si kuzima umeme. Mtu mwingine wa nyumbani anaweza kuingiza tokeni ukiwa umeshika waya.

Kwa nini maji ya moto ndiyo hutangulia kubadilika

Joto huharakisha mmenyuko wa kikemia. Kanuni ya makadirio ni kwamba kasi huongezeka takribani maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Chuma ambacho kingetoa kutu kidogo katika maji baridi hutoa kutu nyingi katika maji ya nyuzi 60. Tena, tangi la hita ni mahali ambapo maji hutulia, na kila kilicho kizito kuliko maji huzama: mchanga, saruji ya ujenzi, vumbi la kutu kutoka mabomba ya mtaani. Koki ya baridi hupitisha uchafu huo na kuusahau, ilhali hita huuweka akiba na kuutoa siku ambayo maji yatafunguliwa kwa nguvu.

Kuna pia tabia ya maji yetu wenyewe. Maji yanayosambazwa Kampala na Entebbe hutoka Ziwa Victoria, Nalubaale kwa jina la wenyeji, na ni maji laini, yaani yana chokaa kidogo. Anayefua kwa sabuni huyafurahia. Hata hivyo maji laini hayatandiki ngozi ya chokaa ndani ya bomba, na chuma hubaki wazi mbele ya maji na hewa iliyomo.

Jambo la mwisho ndilo lililonipata mimi. Bomba la chuma lililopakwa zinki hulindwa kwa sababu zinki hukubali kuliwa kwanza badala ya chuma. Maji yanapofika au kuzidi nyuzi 60 hivi, uhusiano huo unaweza kugeuka: zinki huacha kulinda, na chuma huanza kuliwa kwa vitundu vidogo vidogo. Kwa hiyo kipande cha bomba ambacho kingedumu miaka mingi upande wa baridi huweza kuharibika mapema sana upande wa moto.

Hatua ya kwanza: chupa nne

Tafuta chupa nne za plastiki zisizo na rangi, za lita moja na nusu kila moja, uzioshe na kuzibandika karatasi zenye namba. Zima hita usiku uliotangulia ili asubuhi maji yawe vuguvugu, maana maji yanayounguza huifanya chupa inywee na kujikunja mkononi. Asubuhi na mapema, kabla mtu yeyote hajafungua koki, jaza chupa ya kwanza kwa maji baridi yanayotangulia kutoka, na ya pili kwa maji ya moto yanayotangulia kutoka. Kisha acha kila koki itiririke kwa dakika tano, ukikinga maji kwenye jerikani kwa ajili ya choo, ndipo ujaze chupa ya tatu kwa maji baridi na ya nne kwa maji ya moto.

Ziweke chupa zote nje penye mwanga, mbele ya karatasi nyeupe, na uzitazame mara tatu: papo hapo, baada ya saa moja, na asubuhi inayofuata. Andika ulichokiona kila mara. Wengi hutazama mara moja na kutoa hukumu, na hapo ndipo hita nyingi zisizo na hatia huhukumiwa.

Wakati wa kukinga maji ya moto, hesabu lita. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita kumi hubeba takribani lita mbili tu. Ikiwa rangi imo katika lita mbili au tatu za kwanza kisha maji yanang'aa, iliyochafuka ni ile sehemu ya bomba ambamo maji yalilala usiku kucha. Ikiwa lita za kwanza ni safi na rangi inafika baadaye, basi maji safi ndiyo yaliyokuwa yamelala katika bomba, na rangi inatoka ndani ya tangi la hita. Ikiwa rangi ipo mwanzo hadi mwisho, bado hujapata jibu. Endelea na hatua zinazofuata.

Upo mtego mmoja, na umewagharimu watu wengi wanaotumia maji ya kisima cha kuchimbwa. Maji ya kisima huweza kuwa na chuma kilichoyeyuka, ambacho hakina rangi kabisa kikiwa chini ya ardhi. Kikikutana na hewa, hubadilika polepole kuwa kutu, na joto huharakisha badiliko hilo. Matokeo yake, koki ya baridi hutoa maji maangavu, koki ya moto hutoa maji ya kahawia, na mtu yeyote angeapa kwamba hita ndiyo mbovu. Dawa ya mtego huu ni chupa ya tatu. Iache wazi usiku kucha. Ikiwa asubuhi imegeuka njano na kuweka unga mwekundu chini, chuma kimo katika maji yenyewe, na hita mpya itatoa rangi ile ile kabla ya wiki kwisha.

Ipo pia njia ya jikoni ambayo bibi zetu waliijua bila maabara. Pika chai isiyo na maziwa kwa maji yale ya baridi. Tanini iliyo katika majani ya chai huungana na chuma, na chai hutoka nyeusi kama wino, yenye utando wa kijivu juu. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha chuma kwa sababu za kiafya, lakini linaeleza kwamba kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kuacha madoa kwenye nguo na vyombo. Wakati mwingine chuma hicho hakitoki hata ardhini, bali katika mabomba ya chuma yaliyoshushwa kisimani: maji yenye asidi kidogo huyala, na ni kwa sababu hiyo mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ilisimamisha matumizi ya mabomba ya chuma ya zinki katika visima vya pampu za mkono.

Hatua ya pili: tangi la juu na njia ya maji baridi

Ikiwa chupa ya tatu ina rangi, iwe papo hapo au baada ya kulala, iache hita na upande juu. Katika nyumba nyingi zetu maji ya barabarani huingia kwanza katika tangi la paa au la mnara, na hita hunywa kutoka humo. Nyumba iliyokaa tupu huwa na tangi ambalo kifuniko chake kimepeperushwa na upepo, na ndani yake utakuta majani, vumbi na tope la kimo cha vidole viwili. Tazama bomba la kutolea maji limewekwa juu kiasi gani kutoka sakafu ya tangi. Likiwa chini kabisa, kila tope litakaloingia litashuka nyumbani. Tangi linalopitisha mwanga huota mwani, na maji yake huwa na ukijani na harufu ya udongo. Tangi la mabati la zamani huwa na kutu yake lenyewe. Wanaovuna maji ya mvua wakumbuke kwamba mvua za kwanza baada ya kiangazi huosha paa lote na kupeleka uchafu wake tangini.

Kisha muulize jirani. Jirani anayetumia bomba lile lile la mtaani na ana maji ya kahawia siku hiyo hiyo amekuokolea kazi ya nusu siku: huenda bomba kubwa limepasuka au barabara inachimbwa, na taarifa ipelekwe kwa shirika la maji la taifa, ambalo husafisha njia zake kwa kufungua maji kwa nguvu.

Udongo wetu mwekundu unastahili maneno machache, kwa sababu una oksidi ya chuma ile ile iliyo katika kutu na macho hayawezi kuvitofautisha majini. Vidole vinaweza. Mwaga maji ya juu ya chupa, chukua unga uliobaki chini, uusugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Udongo huteleza kama poda na kubaki katika mikunjo ya ngozi. Kutu ya bomba ina chembe zinazokwaruza na vipande vyembamba kama maganda.

Hatua ya tatu: kuisoma rangi

Kahawia na nyekundu tumezieleza. Njano isiyotulia chini hata baada ya siku mbili kwa kawaida si kutu. Ni rangi ya mimea iliyooza, ambayo hupatikana katika visima vya kando ya vinamasi na katika maji ya mvua yaliyopitia majani kwenye mifereji ya paa.

Nyeusi ina wazazi zaidi ya mmoja. Chembe laini nyeusi zinazopakaa vidole kama masizi mara nyingi ni mpira unaooza ndani ya zile bomba laini zenye wavu wa chuma zinazounganisha hita na ukuta. Joto na klorini huula mpira huo, na ziko tayari kubadilishwa baada ya miaka michache. Fungua moja, uingize kidole kilichofungwa kitambaa cheupe, na kitambaa kitakujibu. Chembe nyeusi zisizopakaa, zinazoambatana na madoa meusi ndani ya tangi la choo, huelekea kuwa madini ya manganizi kutoka kisimani, na hizo ni za kupelekwa maabara, kwa kuwa manganizi nyingi katika maji ya kunywa si nzuri, hasa kwa watoto wachanga.

Nyeusi au kijivu yenye harufu ya mayai yaliyooza, tena katika maji ya moto peke yake, ni ugonjwa wa nyumba zilizokaa tupu. Bakteria wanaokula salfeti hustawi katika maji yaliyotuama ndani ya tangi, na fimbo ya magneziamu iliyowekwa humo kuzuia kutu, iitwayo anodi, huwasaidia kutengeneza gesi hiyo. Toa maji yote, jaza mapya, pandisha joto hadi nyuzi 60 au zaidi kwa saa kadhaa, kisha pitisha maji hayo katika koki zote. Harufu ikirudi, fimbo ya magneziamu ibadilishwe kwa ya alumini na zinki. Baadhi ya mafundi huing'oa kabisa na kuziba tundu. Harufu huisha kweli, na tangi nalo huanza kuliwa.

Nyeupe kama maziwa huwatisha watu bure. Mimina katika glasi na usubiri dakika moja au mbili. Ikiwa weupe unapotea kuanzia chini kwenda juu, ni hewa tu, kwa kuwa maji yakipashwa joto huiachilia hewa iliyoyeyuka ndani yake. Weupe unaobaki, wenye magamba au utelezi kama jeli, ni chokaa au masalia ya anodi ya alumini. Ukijani wa buluu, unaoacha mstari kwenye beseni chini ya koki, ni shaba inayoliwa, na ni nadra kwetu kwa kuwa nyumba zenye mabomba ya shaba ni chache.

Hatua ya nne: kupima mahali patatu

Sasa tuseme maji baridi ni safi, yamelala usiku kucha yakabaki safi, na ya moto yana rangi. Washukiwa wamebaki wawili: tangi la hita na bomba linalotoka humo. Kuwatenganisha kunahitaji maji kutoka mahali patatu, na fundi mwenye spana mbili atamaliza kwa nusu saa.

Umeme ukiwa umezimwa na maji yakiwa yamepoa, funga koki ya kuingizia maji kwenye hita. Fungua bomba laini la kuingiza maji upande wa ukutani, elekeza tundu la ukutani kwenye ndoo, fungua maji kidogo, na ujaze chupa: hayo ndiyo maji yanayoingia. Lirudishe. Halafu fungua bomba laini la kutolea upande wa ukutani, liinamishie ndoo, fungua maji ya kuingia, na ujaze chupa ya pili: hayo yametoka hita moja kwa moja bila kupita katika bomba la ukutani. Chupa ya tatu ni ya koki ya mbali zaidi ya maji ya moto, baada ya kila kitu kurudishwa mahali pake.

Kwangu chupa ya pili ilikuwa na rangi, na yule fundi akanitazama kwa jicho la kuniambia kwamba alikuwa amekwisha kusema. Lakini kati ya hita na bomba laini palikuwa na kile kipande cha chuma, na maji yalikuwa yamekipitia. Alipokifungua tulikiinua dhidi ya mwanga wa dirisha. Tundu lililopaswa kupitisha kidole lilikuwa limejaa vinundu vya kutu, likabaki uwazi wa unene wa penseli, na nyuzi za skrubu zilimeguka kama biskuti. Tulikinga maji tena bila kipande hicho, na yakatoka maangavu. Kwa hiyo kagua kila kiungio kilicho kati ya hita na mahali unapochukulia sampuli. Kama bomba la ukutani ni la plastiki ya PPR, lenyewe haliwezi kuota kutu, na shaka yote iwe juu ya vipande vya chuma vilivyo mwanzo na mwisho wake. Kama ni la chuma nyumba nzima, chupa ya tatu itakuwa mbaya kuliko ya pili, na ukweli mchungu ni kwamba bomba la moto lote litabadilishwa siku moja. Kulisafisha ni kununua miezi tu.

Hatua ya tano: kuisafisha hita

Hata pale ambapo hita si mkosaji, iliyokaa bila kutumiwa au iliyofungwa katika nyumba mpya husafishwa. Zima umeme kama ilivyoelezwa, na acha maji yapoe usiku kucha. Funga koki ya maji baridi yanayoingia. Fungua koki ya moto iliyo karibu ili hewa iingie. Kisha fungua tundu la kutolea maji. Hita ndogo za ukutani mara nyingi hazina tundu la pekee, na maji hutolewa kwa kuinua mkono wa valvu ya usalama iliyo kwenye bomba la kuingizia, ukiwa umefunga mpira wa maji hadi kwenye karai jeupe. Karai likiwa jeupe utaona kinachotoka: mchanga, saruji, vipande vya plastiki, au maganda ya kutu.

Maji yakiisha kutiririka, funga tundu, fungua maji ya kuingia kwa nguvu kwa nusu dakika ili yatibue mashapo, ukafunge na kutoa tena. Rudia mpaka karai libaki safi. Mara nne au tano ni kawaida. Mwishoni funga tundu la kutolea, acha koki ya moto wazi, na ujaze hita mpaka koki itoe maji mfululizo bila kukohoa hewa. Ni hapo tu umeme unaporudishwa, kwa maana koili inayowashwa bila maji huungua kwa muda mfupi sana. Valvu ya usalama isizibwe kamwe, hata ikidondoka. Inayodondoka bila kukoma hubadilishwa.

Baada ya hapo acha siku ipite na ukinge chupa nyingine. Rangi isiporudi, ulikuwa na uchafu wa ujenzi au wa kutuama, na kazi imekwisha. Ikirudi baada ya wiki kadhaa, mashapo yanaletwa na maji yanayoingia, na kichujio kabla ya hita kitafaa. Ikirudi kesho yake, kutu inazaliwa ndani ya tangi lenyewe, na ndipo anodi inapotolewa na kutazamwa. Ile fimbo iliyoliwa zaidi ya nusu, au iliyobaki waya mtupu wa katikati, ibadilishwe mara moja, kisha hita ipewe nafasi moja zaidi. Hita inayotoa kutu siku moja baada ya kusafishwa, ikiwa na anodi mpya, au yenye unyevu kwenye maungio ya tangi, ndiyo pekee inayostahili hukumu niliyopewa mimi asubuhi ile.

Nyuzi 60 ndiyo mahali pazuri pa kuiweka themostati. Chini sana ya hapo, hasa katika maji ya vuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45, bakteria wa legionela, wanaoleta homa ya mapafu, huzaliana, na hita ya nyumba iliyokaa miezi bila mtu iwashwe kwa nyuzi 60 kabla ya mtu yeyote kuoga kwa shawa. Ndiyo, nimesema hapo juu kwamba nyuzi 60 huitesa zinki. Jawabu ni kuondoa chuma cha zinki upande wa moto. Watoto wachanganyiwe maji kwanza, kwani joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache.

Shawa ya umeme na hita ya jua

Shawa inayopasha maji papo hapo haina tangi, kwa hiyo rangi inayotoka humo imekuja na maji. Hita ya jua yenye mirija ya vioo huweka tope chini ya mirija, na isafishwe alfajiri au baada ya jua kutua tu, maana maji baridi yakiingia katika mirija mikavu iliyopata jua la adhuhuri huipasua.

Ukiwa mpangaji

Piga picha za chupa zikiwa na namba na tarehe, umtumie mwenye nyumba kabla fundi hajafungua chochote. Sheria ya Uganda ya Wapangishaji na Wapangaji ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba atoe makazi yanayofaa kukaliwa na binadamu, na mazungumzo huwa mepesi zaidi mkiwa mnatazama chupa badala ya kubishana kwa simu. Kwa maji ya kisima, ombeni kipimo cha chuma, manganizi na asidi. Maabara ya taifa ya rejea ya ubora wa maji iko Entebbe, na watakueleza chupa ya sampuli ijazwe namna gani, kwa kuwa chupa iliyojazwa vibaya hutoa jibu la uongo.

Chanzo kikishaondolewa, bado kuna siku ambazo maji yatakatika na kurudi yakiwa na tope. Siku hiyo funga koki ya kuingizia maji kwenye hita mara tu unapoona bomba limekauka, na maji yakirudi fungua kwanza koki ya baridi ya nje, iache imwage mpaka ing'ae, ndipo hita ifunguliwe.